CA 15-3 imetoka 34, niogope?

MamaTunu: Shikamooni wakubwa. Nilitolewa titi la kushoto 2021, nikamaliza kemo, sasa nameza tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani ya matiti isirudi. Juzi nilijipima CA 15-3, kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya matiti, maabara ya mtaani bila kuandikiwa na daktari: 34, na karatasi inasema mwisho 30. Tangu hapo silali. Mume nimemwambia ni malaria.

BintiPwani: Pole dada. Yangu ilifika 38, nikalia wiki nzima, kumbe ini lina mafuta.

NesiMstaafu: Marahaba mwanangu. Kipimo hicho hupanda hata kwa ugonjwa wa ini, na saratani inaweza kurudi chenyewe kikiwa chini. Ndiyo maana mwongozo wa ASCO, chama cha madaktari wa saratani Marekani, haukipendekezi kwa asiye na dalili. Wanataka ukaguliwe na daktari, na mamogramu, yaani eksirei ya titi, kila mwaka. Ila karatasi usiifiche, mpelekee daktari wako. Mifupa inauma? Kikohozi? Uvimbe wowote?

MamaTunu: Mgongo, ila Jumamosi nilihamisha magunia ya mkaa.

NesiMstaafu: Mtajie hilo pia. Mkaa kwa mgonjwa, jamani!

MamaTunu: Kliniki ni Alhamisi. Mume nitamwambia leo, mpira ukiisha.