Kuih lapis imenigomea mara mbili, naombeni msaada kabla ya Idi

MtangaWaGombak:
Wakuu salama? Mi nasoma huku Malaysia. Jirani yetu mmoja mama mtu mzima, makcik wanavyomuita huku, kila Idi anatuletea sinia la vitamtamu, na kipo kimoja kinaitwa kuih lapis, unga wa mchele na tui, kinapikwa kwa mvuke tabaka juu ya tabaka, pinki nyeupe pinki nyeupe, watoto wanakibandua tabaka moja moja wanakula. Mwaka huu nikasema sinia la watu silirudishi tupu.

Sasa ya kwanza ilinata kama gundi, kisu kikaingia hakitoki. Ya pili ikashika ila chini ngumu kama raba na juu ujiuji, ukinyanyua kipande tabaka zinateleza zenyewe, halafu usoni vishimo vishimo kama imenyeshewa. Unga gramu 250, sukari 200, tui la boksi zito tupu, moto mwisho kabisa. Nakosea wapi?

dada_mwiko:
Ile ya kwanza paketi iliandikwaje? Kama tepung pulut basi ndo umeponzwa hapo, huo ni wa mchele wa kunata. Chukua tepung beras, ule wa mchele wa kawaida.

Kobe77:
Si uwapelekee vitumbua tu yaishe 😂

MtangaWaGombak:
@dada_mwiko dah, nimeangalia, ni pulut kweli 🤦 @Kobe77 vitumbua nilipeleka mwaka jana akaniuliza mbona hii apam (mkate wao wa mchele) imeungua

BiMkubwa_Pemba:
Mwanangu, mie nilikaa Johor, huko huko Malaysia, miaka sita, skiza. Unga wa mchele peke yake haukupi ule mvutano, weka 200 wa mchele na 50 wa wanga wa muhogo, ule mweupe unaoteleza vidoleni, si unga wa ugali wa makopa. Tui usitie kasimile (lile zito) tupu, linatoa mafuta na tabaka haishiki juu ya mafuta, ndo maana zako zinateleza. Nusu tui nusu maji, jumla kama mililita 800, na chumvi kidogo. Chuja.

Halafu hapa ndo wengi wanakosea: unga wa mchele unazama. Kila ukitaka kuchota, koroga mpaka chini, kila mara, usipokoroga tabaka za mwanzo zinachukua maji na za mwisho zinabaki na unga mtupu, au kinyume chake ukichota chini. Tumia upawa mmoja ule ule ili tabaka zilingane. Dakika 5 hivi, ukiona weupe wa maziwa umepotea na ukigusa haigandi kidoleni, mimina nyingine hapo hapo, usiiache ikakauka uso. Ya mwisho iache dakika 15 mpaka 20. Moto wa kati, ukiuchochea sana inavimba mawimbi. Na mfuniko ufunge kitambaa, hivyo vishimo vyako ni matone ya mvuke.

dada_mwiko:
Bi mkubwa eti kuna wanaotia chokaa ya tambuu?

BiMkubwa_Pemba:
Hiyo ni ya kuih nyingine, kosui, ya sukari ya mnazi. Chokaa inarowekwa, ikituama unachukua yale maji meupe ya juu yaliyotakata, kijiko kidogo tu. Ya tambuu lakini, msije mkachota ya ukutani! Lapis haina haja. Ukitaka harufu tia jani la pandan, ndugu yake mkadi wetu, ila huyu anukia majani, si ua.

Kobe77:
Kumbe uzi una madini, nimekaa hapa

MtangaWaGombak:
MREJESHO: Tabaka 9 zimetoka wakuu!! Nimeikata baada ya masaa manne kwa kisu nilichopaka mafuta, ilikuwa bado vuguvugu kati ikakwaruzika kidogo, nadhani ningeiacha ilale. Na tone moja liliponyoka kwenye kitambaa likatoboa katikati kabisa, nikaigeuza juu chini kwenye sinia, hajaona.

BiMkubwa_Pemba:
Kaona. Kanyamaza tu.