Tupeane uzoefu: thredi ya Java iliyogoma kusimama, uliizimaje?

#1
Wakuu, vijana wanafundishwa kuanzisha thredi (mkondo wa kazi unaokimbia ndani ya programu), ila kuisimamisha hakuna anayewaonyesha. Naanza mimi, nanyi mshushe ya kwenu.

Kazini tulikuwa na programu ya kupiga hesabu za mikopo usiku. Lupu yake (sehemu inayojirudia) ni while (inaendelea), na kitufe cha kuzima kinaigeuza inaendelea kuwa false. Kwenye majaribio mafupi ilitii. Kwenye seva ikazunguka hadi asubuhi, CPU imejaa. Tukiweka println (amri ya kuchapisha maandishi) ndani ya lupu ili tuchunguze, inasimama! Tukiitoa, inagoma tena.

Kumbe lupu ikishakimbia sana, JIT (kitafsiri cha Java kinachofanya kazi programu ikiendelea) huitafsiri upya ili iende kasi. Ikiona ndani ya lupu hakuna anayegusa kigezo kile, inakisoma mara moja tu na kuendelea na jibu lile lile. Println ina kufuli ndani yake (kizuizi cha kupitisha thredi moja moja), na JIT ikikuta kufuli kwa kawaida haifupishi usomaji hivyo, ndiyo maana ilificha tatizo. Dawa: volatile boolean inaendelea, yaani kigezo kisomwe upya kila mara. Neno moja tu.

#2
Mkuu, hiyo ni sawa kama thredi iko macho. Yetu ilikuwa imelala kwenye Thread.sleep ya dakika 10, bendera (kigezo kama hicho chako) ukiibadilisha haina habari. Pale ni interrupt(), ishara ya kuikatiza thredi. Ila chungeni sana catch (sehemu ya kupokea hitilafu): InterruptedException ikitupwa na sleep, alama ya kukatizwa imeshafutwa. Ukiacha catch tupu, lupu inaendelea kama kawaida. Toka kwa return, au irudishe alama kwa Thread.currentThread().interrupt().

#3
Kuna mtu bado anatumia stop(), ile ya kuua thredi papo hapo? Tulirithi mfumo uliojaa hizo. Ilitangazwa kuwa isitumike tena (deprecated) tangu Java 1.2, na kwa sababu ya msingi: inaachia kufuli zote katikati ya kazi. Salio limepungua huku, kule halijaongezeka, na thredi nyingine zinaanza kusoma takwimu hizo nusunusu. Kwenye Java 20 ukiiita unapata UnsupportedOperationException tu. Tulipopandisha toleo ndipo tukalazimika kuandika upya, na nashukuru tulilazimishwa.

#4
Niongezee ya soketi (muunganisho wa mtandao). Thredi ya kawaida iliyokwama kwenye read() ya Socket haisikii interrupt(). Ifunge soketi kutoka thredi nyingine, itapata SocketException na kutoka.

#5
@2 umenena. Wenye ExecutorService (kisimamizi cha thredi cha Java) pia, amri yake ya kuzima, shutdownNow(), haiui kitu. Kazi zinazoendelea inazipigia interrupt() tu, kwa hiyo kazi yenye catch tupu itaendelea vile vile. Kagueni catch zenu kwanza.