Naomba ushauri: binti yangu kapimwa usonji (autism), wakasema hana

Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 7. Kengele ya shule ikilia anaziba masikio na kulia, nguo yenye lebo shingoni havai, na ratiba ikibadilika siku nzima imeharibika. Kuongea anaongea vizuri sana. Tulimpeleka kupimwa, wakacheza naye na kutuhoji sisi wazazi. Majibu: hajafikia vigezo vya usonji, maana anatazama watu usoni. Mwalimu wake hakuulizwa chochote, na wasichana wengi wenye usonji huficha dalili kwa kuiga wenzao. Shuleni wanasema anadeka tu, inaniuma mno.

Je, niombe apimwe upya kwa maelezo ya mwalimu, au nianze na mtaalamu wa tiba kazi (occupational therapy, anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku)? Na bila cheti cha kuthibitisha usonji, shule niiombe nini hasa?