Kufunikia wali kwa nailoni: kuna madhara kweli au ni kutishana tu?

MamaWali
Wakuu, habari za jioni. Mimi nauza wali maharage hapa Tandika, mwaka wa sita sasa. Kila asubuhi napika kilo 12, sufuria mbili. Nilipokuwa natumia mkaa sikuwa na shida: wali ukikauka napalia makaa juu ya mfuniko, basi. Mwaka juzi nikahamia gesi, ndipo balaa lilipoanza. Chini unaungua, juu una kiini. Shoga yangu akanifundisha kutandaza nailoni juu ya wali na kuibana kwa mfuniko, mvuke usitoke. Wali ukawa unachambuka punje moja moja. Rambo zilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo napasua vile vifungashio laini vyeupe.

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja, kijana wa chuo, alikuja mapema akanikuta nafunua. Nailoni ilikuwa imejikunyata na kunata ukingoni mwa sufuria kama utando wa maziwa. Akasema, "Mama, unatulisha saratani," akaondoka. Sijamwona tena.

Naomba mnieleze bila kunitisha wala kunipamba. Na kama niache, wali kilo sita kwenye gesi nauivishaje? Halafu maji ya wateja naweka kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi, nimeiosha kwa sabuni mara tatu. Nayo vipi?

Kidumu_Chanika
Bi mkubwa, hayo maneno ya mitandaoni. Bibi yangu ana miaka 88 na wali wa nailoni anakula. Huyo dogo hakuwa na hela.

MamaWali
Hela alikuwa nayo, elfu mbili kaikunja mkononi. Na bibi yako ujanani alipalia makaa, baba. Nailoni kaijua juzi.

FundiMashine
Shikamoo mama. Nimekaa miaka tisa kwenye kiwanda cha mifuko, mashine ya kupuliza nailoni. Ule mfuko ni polithini, na polithini safi yenyewe si sumu ya kukimbiwa. Tatizo ni kinachochanganywa humo: rangi, vitu vya kuufanya uteleze usigandane, na pengine chakavu zilizosagwa upya. Chakavu hujui ilitoka wapi wala ilibeba nini.

Sasa njoo kwenye moto. Polithini laini huyeyuka kwenye nyuzi joto 105 hadi 115 hivi. Mvuke wa wali ni 100, lakini ukingo wa sufuria iliyo kwenye gesi unapita hapo. Ndiyo maana ulinata. Na wali wako bila shaka una mafuta, ambayo huzivuta kemikali nyingi za plastiki kuliko maji yanavyozivuta. Joto, mafuta na muda vikikutana, vilivyomo kwenye mfuko vinahamia chakulani.

Saratani kwa sahani moja, hapana, kijana alikuza. Kemikali zinazopigiwa kelele zaidi ni bisfenoli A, ya kwenye plastiki ngumu angavu ambayo huwekwa kundi la namba 7 (ile namba ya kwenye pembetatu chini ya chombo), na thalati, vilainishi vya kwenye plastiki laini ya PVC, namba 3. Hizo huvuruga homoni. Ulaya ilipiga marufuku bisfenoli A kwenye chupa za watoto mwaka 2011, Marekani 2012. Nailoni yako si jamii hizo. Ila mimi niliyeitengeneza, nyumbani kwangu haikai juu ya chakula cha moto. Hata urojo wa kufungiwa kwenye nailoni nikienda Zanzibar naunywea palepale kwenye bakuli.

Ndoo ya rangi itoe leo. Plastiki hufyonza, na rangi ina dawa za kuzuia kuvu. Nyingine zina risasi. Sabuni haitoi kilichoingia ndani. Bora dumu la njano la mafuta ya kula, lenye namba 2 chini. Lakini namba peke yake haitoshi, uliza lilibeba nini kabla.

BiMwanaidi_Tanga
Mie mpishi wa shughuli, mdogo wangu, gesi isikushinde. Maji yakikauka, weka chuma cha chapati chini ya sufuria, moto uupunguze hadi udhani umezimika. Juu ya wali tandika majani ya mgomba. Yababue kwanza yalegee, la sivyo yanapasuka. Funika, weka kitu kizito juu ya mfuniko. Ukiona bado una kiini, washa makaa kidogo tu uyapalie juu. Gesi chini, makaa juu, nani kakukataza? Majani kaulize Mabibo kwa wauza ndizi.

MamaWali
Marahaba fundi, na ahsante dada. Nimejaribu leo. Sufuria ya kwanza iliungua, nilisahau kupunguza moto, ukoko nimewapa kuku wa jirani. Ya pili imetoka vizuri, ila juu ulikuwa umelowa kidogo. Mteja mmoja kauliza kama nimeweka iliki, kumbe ni harufu ya jani. Ndoo ya rangi nimeitoboa chini, nimepanda mchaichai.

Dada, jani nikiliosha naweza kulirudia kesho?

BiMwanaidi_Tanga
Jani moja, sufuria moja. Acha ubahili. Na huo wali uliolowa, ulizidisha maji.

MamaWali
Kweli, nilipima kwa mazoea ya nailoni.