Land Cruiser ya Ujiji inapiga mlio mlimani: ni kabureta au ni moto?

Kutoka: dada wa Ujiji, sasa Marekani

Mwakeye wana Kigoma popote mlipo. Gari la familia liko Ujiji: Land Cruiser pikapu FJ45 ya 1982, injini 2F ya petroli, distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) ya pointi, yaani vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke. Linabeba magunia kutoka Kasulu. Likiwa na mzigo mlimani linakosa nguvu na kupiga mlio mkubwa kwenye bomba la moshi. Nyumbani wameambiwa wanunue kabureta nyingine. Nitume hela? Na kuna mtu anasafiri mwezi ujao, anaweza kubeba spea ndogo.

Kutoka: fundi, Mwanga, Kigoma

Dada yangu, hela ya kabureta isubiri. Kukosa nguvu mlimani pamoja na mlio wa nyuma, kwenye injini ya pointi, kwanza mtu anashuku moto uliochelewa, yaani cheche ya plagi inayotoka baada ya wakati wake. Cheche ikichelewa, petroli inakuwa bado inaungua wakati valvu ya kutolea moshi inafunguka, na moto unatoka nayo hadi kwenye ekzosi. Gari linachemsha, manifoldi inakuwa nyekundu. Mlio ukitokea mbele, kwenye kabureta, ni habari nyingine: petroli kidogo na hewa nyingi, valvu ya kuingizia isiyofunga, au nyaya za plagi zilizopishana. Kwa hiyo muulize dereva mlio unatoka upande gani na wakati gani. Ule unaosikika akiachia mafuta kwenye mteremko mara nyingi ni gasketi ya ekzosi inayovuta hewa, huo hauna haraka.

Waanze na pointi, taiming (kupanga wakati wa cheche kutoka) ifuate. Mpangilio huu usigeuzwe. Kisigino cha pointi, kile kipande kinachosugua kemu ya distribyuta, kinalika taratibu. Pengo linapungua, pointi zinachelewa kufunguka, na moto unachelewa pamoja nazo. Anayeweka taiming kwanza halafu akarekebisha pengo ameiharibu taiming aliyoiweka dakika tano zilizopita.

Wazungushe injini mpaka kisigino kikae juu kabisa kwenye kona ya kemu, wapime pengo kwa fila, kile kibapa cha chuma cha kupimia: 0.45 mm. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo, isilazimishwe. Kama uso wa pointi umeota kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, fila inadanganya, kwa sababu inapima kilele cha kile kilima, hizo zibadilishwe. Msasa usitumike, chembe zake hubaki kwenye uso na kuunguza. Grisi kwenye kemu ni kiasi cha punje ya mtama, ikizidi inarukia pointi. Plagi ziwe 0.8 mm.

Sasa taiming. 2F inataka digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu. Alama haiko kwenye puli, iko kwenye flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini: kuna kidirisha upande wa stata, ndani utaona kigololi kidogo cha chuma kimekandamizwa kwenye flaiwili. Kigololi ndicho digrii 7. Mstari ulio karibu nacho ni juu kabisa. Wengi huweka kwenye mstari, na hapo tayari wamechelewesha moto kwa digrii 7. Wasugue kwa brashi ya waya na kupaka nukta ya rangi nyeupe, vinginevyo kwa kutu ile hawataona kitu.

Kama hakuna taa ya taiming, balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili inatosha. Watoe plagi ya silinda ya kwanza, mtu azibe tundu kwa kidole gumba, injini izungushwe kwa mkono kuelekea upande wake wa kawaida. Pumzi ikisukuma kidole, hiyo ndiyo kompresheni; waendelee polepole mpaka kigololi kifike kwenye mshale wa kidirisha. Waya mmoja wa balbu kwenye koili (inayozalisha umeme mkubwa wa cheche) pale unapotoka waya mwembamba wa kwenda pointi za distribyuta, mwingine kwenye bodi. Swichi iwashwe. Walegeze boliti ya distribyuta, waigeuze taratibu kinyume na mzunguko wa rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake: balbu inapowaka tu, pointi zimefunguka, wakaze hapo hapo. Swichi isiachwe imewashwa muda mrefu, koili inaungua. Kile kifundo cha okteni pembeni ya distribyuta kiwe katikati kabla ya kuanza.

Mpangilio wa nyaya za plagi ni 1-5-3-6-2-4, kufuata mzunguko wa rota.

Kutoka: fundi, Tabora mjini

Mwangaluka. Mwenzangu wa Mwanga amesema sawa, ila mimi kabla ya pointi ningepima pengo la valvu. Injini ikiwa ya moto: ya kuingizia 0.20 mm, ya kutolea 0.35 mm. Valvu ya kutolea iliyobanwa haifungi, inaungua ukingo, na mlio wake unafanana kabisa na wa taiming. Kipimo cha bure: gari likiwa silensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta), shika karatasi karibu na mdomo wa bomba la moshi. Ikisukumwa nje muda wote ni vizuri. Ikivutwa ndani mara kwa mara, kuna valvu isiyofunga, na taiming haitaiponya.

Halafu uzito wa distribyuta, unaowahisha cheche mwendo ukipanda. Kwa taa ya taiming, injini ikipandishwa mwendo, kigololi kinapaswa kuhama na kutoka kwenye kidirisha. Kikibaki palepale, vile vyuma viwili chini ya sahani vimekwama kwa grisi iliyokauka. Taiming itakuwa nzuri silensa, lakini mlimani hakuna kitu. Mpira wa vakyumu unaoingia kwenye distribyuta nao uvutwe kwa mdomo: sahani ya pointi isogee, na ukiziba kwa ulimi ibaki ilipo. Isiposogea, au ikirudi ukiwa bado umeziba, kiwambo cha ndani kimepasuka.

Mtu asichungulie kabureta wakati mwenzake anapiga stata. Ikitema moto, unampata usoni.

Kutoka: dada wa Ujiji

Asanteni sana wakubwa. Majibu kutoka nyumbani: karatasi haivutwi. Pengo la pointi lilikuwa chini ya 0.20. Wameweka 0.45 na kigololi kwa balbu. Nguvu imerudi, lakini baada ya nusu saa ya safari mlio unaanza tena, na pointi zimekuwa nyeusi na bluu.

Kutoka: fundi, Mwanga, Kigoma

Hapo ni kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue, au koili inayokufa ikipata joto. Kondensa ndiyo ya kwanza kubadilisha, ni ndogo na rahisi. Mlio ukibaki, gari likiwa la moto wachomoe waya mkubwa wa katikati kwenye kofia, waushike kwa koleo yenye mpira, milimita 6 hivi kutoka kwenye bloku, mtu apige stata. Cheche ya bluu inayolia ni nzima. Ya njano na nyembamba, koili imechoka. Koili mpya iendane na rezista (inayopunguza umeme unaoingia kwenye koili) iliyopo kwenye gari. Koili ya rezista ikipewa volti 12 moja kwa moja, pointi zitaungua tena ndani ya wiki.

Kwa msafiri wako: pointi seti mbili, kondensa mbili, rota, kofia ya distribyuta, na fila ya milimita. Kabla ya kununua, wakutumie picha ya namba iliyo kwenye mwili wa distribyuta, kwa sababu hata 2F mbili zinaweza kuwa na distribyuta tofauti na pointi zisiingiliane. Pointi mpya hulika haraka mwanzoni mpaka kisigino kikae, kwa hiyo baada ya kilomita 500 hivi wapime tena 0.45, na kigololi kiangaliwe tena.