Mjadala: Picha za ardhi iliyopasuka zinamficha nani?

Wadau, tujadili hili bila jazba. Kila mvua zikikosa kaskazini mwa Kenya, picha ni zile zile: ardhi imepasukapasuka, mzoga wa ng'ombe, mama na mtungi wa njano. Sikatai kwamba mvua hukosa kweli. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ilipita kapa. Ninachosema ni kwamba picha za aina hii, hata zikiwa nzuri, huisingizia mbingu peke yake.

Mchukueni Mohamed Amin, Mkenya mwenzetu. Oktoba 1984 alifika na kamera yake Korem, kaskazini mwa Ethiopia, watu wakifa kwa njaa. Dunia ikalia, michango ikamiminika, mwaka uliofuata likafanyika tamasha la Live Aid. Waliookolewa wapo, na anayebeza hilo simwelewi. Lakini uliza leo watu wale waliuawa na nini, utajibiwa ukame. Kwamba serikali ya Mengistu ilikuwa vitani Tigray na Eritrea, na vita vile vilizuia chakula kufika, nani anakumbuka? Kamera iliona vumbi.

Ile picha ya Kevin Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini, ya 1993, mtoto na tumbusi, ndiyo hunichosha kabisa. Watu huapa ni ukame. Ayod, ilikopigwa, iko Jonglei, Sudan Kusini ya leo, jimbo la vinamasi! Watu wa huko walikuwa wakimalizwa na vita. Na mtoto mwenyewe tuliambiwa miaka yote ni msichana, hadi 2011 waandishi wa Kihispania walipompata baba yake. Kumbe alikuwa mvulana.

Najua jibu litakalokuja: mpiga picha hawezi kupiga picha ya sera. Sawa, ila pa kusimama anachagua mwenyewe. Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, niliwahi kumwona mmoja akimwomba mzee avue saa ya mkononi, kisha akamsogeza mpaka nyuma yake pakabaki mchanga mtupu. Mitumbwi na samaki walioanikwa vilikuwa mgongoni kwa mpiga picha. Mzee akaifunga saa kwenye pindo la shuka, akauliza kama kuna malipo. Wakati anapigwa picha alikuwa akilitazama ziwa. Atakayeiona picha hataliona.

Wa Lodwar na Loiyangalani, mnasemaje? Na wapiga picha mliomo humu, msikimbie.