Naombeni ushauri: nimeijaribu Montesa Cota 301RR, nihame kutoka tu-stroki au nibaki?

Mpanda Mawe
Habari za muda huu wakuu. Niko Yorkshire huku Uingereza, naendesha pikipiki za trayali. Kwa wasiozijua ni zile za kupanda mawe, magogo na vijito bila kushusha mguu, hazina siti, unaendesha umesimama muda wote. Ukigusa chini mara moja pointi 1, mara mbili 2, tatu na kuendelea 3, ukikwama au ukianguka 5, na mwenye pointi chache ndo mshindi. Yangu ni GasGas TXT 250 ya tu-stroki (two-stroke, zile za kuchanganya oili kwenye petroli), ina miaka yake ila bado nzima.

Sasa jamaa mmoja wa klabu yetu kachukua Montesa Cota 4RT 301RR, fo-stroki (four-stroke) hiyo, ile waliyoiunda upya kuchukua nafasi ya 300RR, akaniachia niizungushe bondeni kwenye mawe na matope. Wakuu, bado naiwaza. Injini wameipandisha kutoka 288cc hadi 298 lakini kilichonigusa sio nguvu, ni utulivu. Unatia gia ya pili, unaachia klachi taratibu, inatambaa kwenye matope na tairi la nyuma halizunguki bure hata kidogo, sehemu ambayo kwa yangu ningekuwa nimeshachimba shimo. Shokapu za mbele nazo tamu, ukitua kutoka juu ya jiwe zinameza halafu basi, hazikurushi.

Ila kuna vitu viwili vinanisumbua. Ukifunga mafuta injini inashika yenyewe kwa nguvu kama breki, kwenye mteremko wa mawe yenye utelezi tairi la nyuma linataka kufunga kabla hata sijagusa breki. Na uzito. Kwenye karatasi tofauti ni kilo chache tu, ila nikitaka kuhamisha gurudumu la nyuma kwa kuruka nausikia mgongoni.

Mama watoto kashakubali bajeti. Ndoto yangu ni siku moja kumaliza mashindano ya trayali ya Scottish Six Days kule Fort William, Uskoti, siku sita mfululizo milimani. Nihame au nibaki? Nisaidieni kwa wenye uzoefu.

FundiSpana
Mkuu mi naongea upande wa spana tu. Hiyo fo-stroki ina oili mbili, ya injini kivyake na ya giaboksi kivyake, usichanganye, na ya injini ni kidogo sana kwa hiyo inachoka haraka, ukichelewa kuibadilisha unaiua mwenyewe. Valvu nazo zinataka kupimwa. Hiyo yako ukishachanganya oili kwenye petroli umemaliza, na ikifika muda wa pistoni unafungua gereji kwako jioni moja inaisha. Kingine, 4RT haina betri, injeksheni inapata umeme kutoka kwenye kiki yako, kwa hiyo kiki za harakaharaka haitaki. Tafuta mgandamizo kwanza, pale kiki inapokuwa nzito, halafu shuka nayo mpaka chini kabisa.

Pwani254
Sasa bro, mimi niko karibu na Barcelona, hizi Montesa zinaundwa hapa Santa Perpètua de Mogoda, na huku kila mtu atakuambia chukua 4RT kwa sababu Toni Bou, mpanda trayali wa Kihispania, anabeba ubingwa wa dunia nayo tangu 2007. Ni kweli, lakini usinunue kwa sababu ya Bou. 4RT ilipotoka 2005 ikiwa mpya kabisa, ubingwa wa dunia wa nje (sio ule wa ndani ya ukumbi) ulienda kwa Adam Raga na GasGas ya tu-stroki, 2006 tena vilevile. Kwa hivyo aina ya injini peke yake haimalizi hii story.

Ushauri wangu, muombe huyo rafiki yako tena, lakini safari hii uipande mwisho wa siku ukiwa umechoka na mikono imekufa. Asubuhi kila pikipiki ni nyepesi. Fort William hutaharibikiwa kwenye jiwe la kwanza, utaharibikiwa siku ya nne na mvua imekupiga tangu asubuhi. Hapo ndio utajua kama huo utulivu wa injini unakusaidia kuliko zile kilo zinavyokuumiza. Kwangu mimi ulinisaidia, kwa sababu nilipunguza kukamata klachi kila saa. Pia jaribu Cota 260, ni fo-stroki hiyohiyo lakini haikuvuti mikono sana, na bei yake iko chini.

Bint Tanga
Samahani naingilia, huku kwetu Lushoto njia za juu mawe matupu, bodaboda wanateseka hasa masika. Hiyo isingewafaa jamani?

Mpanda Mawe
Dada yangu hapana, haina pa kumkalisha abiria, tenki lita 2 hivi, na gia zake fupi mno, barabarani itakuwa inalia tu. Lakini presha ndogo ya tairi ni kitu wangeweza kukifikiria, japo sio kama sisi maana mzigo utapasua tyubu.

@Pwani254 hiyo ya kuipanda nikiwa nimechoka sikuwa nimeiwaza kabisa, nimeshamtumia meseji, na 260 nitaulizia dukani. Swali limebaki la kule kushika ukifunga mafuta, kuna dawa?

FundiSpana
Ipo. Pandisha sailensi kidogo, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujatia mafuta, sio mpaka ikimbie yenyewe, kiasi ukifunga mafuta isikate ghafla. Halafu kwenye mteremko kidole kimoja kiwe kwenye klachi muda wote, ukisikia tairi linafunga gusa kidogo tu liendelee kuzunguka. Ukishaweka sailensi pita mteremko uleule uliokusumbua, usijaribie kwenye tambarare, hapo haitakuambia kitu.